Siku Nilipoiona Sauti ya Maman Béatrice

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya video ya sekunde ishirini. Aliyenitumia ni mwanamke nisiyemjua, Noëlla, fundi wa sauti aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Brussels. Katika video, bati jembamba jeusi limewekwa juu ya spika, limenyunyiziwa mchanga mweupe, halafu mtu anaimba noti moja ndefu. Mchanga unashtuka, unakimbia huku na huko, kisha unatulia ukiwa umechora nyota yenye duara katikati. Kazi yangu mimi ni kuchora na kuchapa vitambaa kwa mkono, na kila mwaka nahangaika kutafuta urembo mpya. Niliitazama video ile mara kumi na moja nikiwa nimesimama jikoni, wali ukaungua. Noëlla alikuwa ameviona vitambaa vyangu mtandaoni. Aliniomba niende Brussels kwa siku kumi: yeye alete sauti, mimi nilete rangi, kisha tuonyeshe kazi yetu katika ukumbi mdogo karibu na uwanja wa Flagey. Nilikubali kabla sijauliza Flagey ni nini.

Ndani ya ndege sikupata usingizi. Abiria wa pembeni yangu alikuwa na kikombe cha maji, na mngurumo wa injini uliyatetemesha yale maji yakafanya viduara vidogo vilivyofuatana. Nilimwomba asinywe kwanza, nichore. Alinitazama kwa muda, akanipa kikombe chote, akageukia dirishani.

Jumapili asubuhi nilifika Brussels. Noëlla alinipokea akiwa amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi.

"Dada, karibu. Unasikia baridi?"

"Hapana," nilisema, meno yakigongana.

Alinipeleka Berchem-Sainte-Agathe, kwenye nyumba za ghorofa zinazofanana, mpaka kwa Maman Béatrice, ambaye ningekaa kwake. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa Bukavu. Alifika Ubelgiji kama mkimbizi, na tangu hapo kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Huimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa moja la Anderlecht.

"Karibu, mwanangu. Ulikula mu ndege?"

"Nilikula, Mama, asante."

"Eeh, ulilala. Ni muzuri. Bon, kuja sasa ukule."

Noëlla aliniinamia. "Maman hasikie muzuri tena. Semea mbele ya uso yake."

Jioni, tukiwa tunakula fufu, ugali wa muhogo, kwa sombe, yaani kisamvu, na dagaa wanaowaita ndagala, Maman Béatrice alinieleza mwenyewe. Jumapili inayofuata angeiaga kwaya. "Niko naimba, lakini sijue kama niko ndani ya wimbo ao niko inje. Bale wengine banageuka, bananiangalia. Donc ni muzuri nitoke mwenyewe, mbele baniambie nitoke." Alitaka kuondoka kabla hajaondolewa, na alisema hivyo huku akiniongezea fufu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikala.

Jumatatu tulipanda basi, kisha metro namba tano, hadi Anderlecht. Karakana ya Noëlla imo ndani ya ghala la zamani lenye madirisha marefu, na lile bati la video lilikuwa katikati, mezani, juu ya spika yake, likitungoja. Nilishika maikrofoni iliyounganishwa na spika nikaliimbia kwa nguvu zangu zote. Mchanga haukujali.

"Bati iko na noti zake," alisema Noëlla. "Ukipata moja, inachora. Ukikosa hata kidogo, inakataa."

Basi tukaanza kuzitafuta. Tulipiga mluzi, tukaimba nyimbo za kubembelezea watoto, tukawasha mashine ya kufagilia zulia. Mashine ile ilichora umbo zuri kuliko lolote nililowahi kubuni, nikaona wivu. Kila umbo lilipotokea nililinakili kwenye karatasi ngumu na kulikata kwa kisu, tayari kwa kuchapa. Kufikia saa kumi tulikuwa na mchanga kwenye nywele, masikioni na ndani ya chai. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi, na kwikwi zangu, zilipopita kwenye maikrofoni, zikarusha mchanga wote sakafuni.

Jumatano mchana Maman Béatrice alitoka kazini akatuletea chakula. Noëlla akamnyooshea maikrofoni. Alikataa. Akalitazama bati, akaweka mkoba chini, akaipokea.

Aliimba noti moja, ndefu, ya chini. Mchanga ulitapakaa ovyo. Bila kuambiwa na mtu, akaipandisha sauti kidogo tu, na mchanga ukaanza kujipanga, mstari hadi mstari, mpaka nyota ikakamilika. Akanyamaza. Akaimba tena, safari hii kwa makusudi akateleza, nyota ikavunjika. Akairudisha mahali pake, nyota ikarudi.

"Ile ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, Maman," Noëlla alimjibu usoni.

"Donc naweza jiona."

Hakuiachia maikrofoni kwa saa nzima. Chakula kilipoa, na hakuna aliyekikumbuka.

Alhamisi alikuja Papa Dieudonné, kiongozi wa kwaya ya Maman Béatrice, kwa sababu kwaya hiyo ndiyo ingeimba kwenye maonyesho yetu ya Flagey. Noëlla alimwomba bati liwekwe mbele ya Maman Béatrice, maana wimbo wenyewe huanza kwa noti yake ndefu, akiwa peke yake. Maman Béatrice, aliyefuatana naye, akajaribu. Nyota haikutokea. Noti ya wimbo ilikuwa juu kidogo ya ile ambayo bati linaikubali, na bati lingine lingechukua wiki kutengenezwa.

Maman Béatrice alikuwa akisoma midomo yetu mmoja mmoja.

"Papa," alisema, "wimbo hauwezi shuka kidogo?"

"Maman, bantu makumi mbili bashuke juu ya bati moja?"

"Hapana juu ya bati. Juu yangu." Kwa Kiswahili chao, alimaanisha kwa ajili yake.

Papa Dieudonné alilizunguka bati mara mbili, mikono nyuma, kisha akaomba maikrofoni, akavuma kwa sauti yake nzito. Mchanga ukachora nyota. Akarudia mara tatu; alisema anafanya uchunguzi. Mara ya nne alikuwa anatabasamu peke yake.

"Alors," alisema, akirekebisha koti. "Tunashuka."

Ijumaa nilichapa tangu asubuhi: vitambaa ishirini vya begani, rangi ya samawati, kila kimoja na nyota nyeupe ya Maman Béatrice. Vidole vyangu vilikuwa vya bluu hadi nilipofika nyumbani Tanzania.

Jumamosi alasiri, Flagey. Nje soko lilikuwa linafunga, watu wakipita na maua na mikate mirefu. Ndani ya ukumbi kamera ililitazama bati kutoka juu na kuonyesha picha yake ukutani, kubwa kama nyumba. Kwaya ilijipanga na vitambaa vyangu begani. Papa Dieudonné alimwashiria Maman Béatrice aanze.

Alianza, na mchanga ukatawanyika ukuta mzima. Mbele ya watu wote ilionekana wazi kwamba hayupo kwenye noti. Noëlla alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Maman Béatrice hakututazama sisi wala watu. Aliinamisha macho kwenye bati, akaipandisha sauti polepole, bila haraka yoyote, na mchanga ukamfuata hadi nyota ikawaka ukutani. Hapo Papa Dieudonné akainua mkono, kwaya nzima ikaingia.

Walipomaliza, watu walisimama wakipiga makofi, kisha wakapanga foleni kuliimbia bati. Muuza jibini kutoka sokoni alipata umbo kama ua. Alikataa kuondoka mpaka nimnakilie.

Jumapili niliwafuata kanisani. Papa Dieudonné alijua tangu mapema kwamba Maman Béatrice ana la kuiambia kwaya siku hiyo. Kabla ya ibada aliwakusanya wanakwaya, akamgeukia Maman Béatrice, akamuuliza usoni kama bado ana neno.

"Ndiyo," alisema Maman Béatrice. "Hata ule wimbo wa pili, tuushushe."

Nilirudi Morogoro siku mbili baadaye, rangi bado kwenye kucha. Nilikwenda kutafuta urembo wa vitambaa, na nikaupata, lakini nilichojifunza ni kingine: mtu anaweza kusaidiwa na jicho pale sikio linapochoka, mradi walio karibu naye wakubali kushuka kidogo. Niliwasimulia wenzangu wa karakana, hawakuamini. Nikachukua trei ya chai, nikaiweka juu ya spika, nikanyunyiza chumvi. Kazi ilisimama hadi jioni. Sasa wanagombana ni umbo la nani litachapwa kwanza, kwa kuwa kila mmoja anataka sauti yake ivaliwe.