Mbwa Aliyempenda Kila Mtu Isipokuwa Fundi

Katika mtaa ule mbwa akikohoa, mwenye mbwa hakuanzia kwa daktari. Alianzia kwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara, kikiwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, benchi la wateja, na cherehani ya miguu isiyonyamaza asubuhi hadi jioni. Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Miguu ikikanyaga na mikono ikisukuma kitambaa, mdomo ulibaki huru kutoa ushauri.

"Shangazi, mbwa wangu anatafuna viatu."

"Vya kulia au vya kushoto?"

"Vyovyote."

"Basi hana ubaguzi. Mpe mfupa mkubwa, na wewe ujifunze kuweka viatu kabatini. Unangoja mbwa ndiye akufundishe kupanga chumba?"

Ushauri kama huo aliutoa pia kwenye kundi la simu, ambako wenye mbwa na waokoaji wa mbwa wapatao sitini walipashana habari: nani kamwona mbwa aliyejeruhiwa kando ya barabara, nani ana blanketi kuukuu, nani anatafuta wa kumwachia mbwa wake akisafiri. Msimamizi wa kundi alikuwa yeye. Tena ndiye aliyetunga kanuni ya wiki tatu: mbwa aliyeokolewa hukaa nyumba mpya wiki tatu kwa majaribio, na asipozoea, anahamishiwa nyumba inayofuata kwenye orodha. Hakuna kulia, hakuna kununiana.

Mbwa wake mwenyewe, aliyekaa naye miaka kumi na minne, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alisema hataki mwingine. Alisema hivyo mpaka siku Kocha aliposimamisha gari lake mlangoni. Kocha alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, na gari lake kuukuu la mizigo alikuwa amelifanya kuwa gari la kubebea mbwa.

"Shangazi, nimekuletea mgeni."

"Mgeni gani huyu, mwembamba kama uzi?"

Jina likawa hilo hilo. Uzi alishuka garini, akanusa kizingiti, akamlamba mkono muuza maji aliyekuwa akipita, akamtikisia mkia muuguzi aliyekuja kupima sketi. Kisha akamwona Shangazi akiinuka kitini. Mkia ukafyatwa, masikio yakalala, na mbwa mzima akapenya nyuma ya majora ya vitambaa.

"Ni ugeni tu," alisema Shangazi.

Wiki ya kwanza alisema ni ugeni. Wiki ya pili alikaa sakafuni akimpa mbwa mgongo, kama alivyozoea kuwashauri wengine, mpaka magoti yakamlaumu kwa sauti. Alibadilisha sabuni. Alichemsha maini, akayaweka kwenye kiganja, akangoja hadi yakapoa. Uzi aliyatazama maini kwa mapenzi makubwa, akamtazama Shangazi, akameza mate. Alikula pale tu fundi alipotoka chumbani. Muuza maji, ambaye hakuwahi kumpa hata kipande cha mkate, alipokewa kila asubuhi kama bwana harusi.

Kwenye kundi watu waliuliza, "Uzi anaendeleaje?" Shangazi akawajibu, "Vizuri sana." Hakudanganya. Uzi aliendelea vizuri sana, na kila mtu.

Ilipobaki siku mbili wiki tatu zitimie, mume na mke waliofuata kwenye orodha walituma picha ya bakuli jipya na kitanda cha mbwa walichokitengeneza wenyewe. Shangazi aliitazama ile picha mpaka chai ikachemka na kumwagika jikoni. Si kwamba watu wale walikuwa wabaya. Walikuwa na ua mkubwa na roho nzuri. Lakini alikuwa amekwisha kuzoea kuamka na kusikia kucha za mbwa zikigonga sakafu, hata kama zilikuwa zikimkimbia yeye. Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Ndugu zangu, Uzi ananiogopa. Nimeshindwa. Naombeni ushauri."

Mvua ya majibu ikaanza kunyesha.

"Mganga hajigangi!" aliandika mmoja.

"Mwimbie."

"Usimwimbie, tunaijua sauti yako."

"Umejaribu maini?"

Mwingine alimrudishia ujumbe wake mwenyewe wa sauti wa mwaka jana, wa dakika nne, akihimiza watu wawe na subira. Shangazi aliusikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba yule mama alijua kuongea.

Mchana, muuza nyama aliingia. Miaka miwili nyuma, kanuni ya wiki tatu ilikuwa imemnyang'anya mbwa wake wa kwanza, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimkatia Shangazi nyama bila salamu, tena yenye mifupa zaidi. Alikuja kupatana naye baada ya mbwa wa pili kumzoea.

"Umekuja kunicheka," alisema Shangazi.

"Hiyo nimeshaifanya nyumbani. Sasa wewe shona. Usimwite, usimbembeleze. Mimi nitakaa hapa niangalie."

Akakaa kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Uzi akaja kulaza kidevu kwenye kiatu chake. Shangazi akashona mikono miwili ya gauni. Akainuka kuchukua mkasi, mbwa akakimbia. Akaketi, mbwa akarudi. Akainuka kuchukua vifungo, yakawa yale yale.

"Anakutazama kifuani," muuza nyama alisema hatimaye.

"Kaka, heshima!"

"Sikutanii. Hatazami uso, hatazami mikono. Ukiinuka, kuna kitu kinaning'inia na kuyumba, naye macho yake yako hapo hapo. Hiyo futi yako, Shangazi."

Shangazi akainamisha kichwa. Futi ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwake, ncha mbili zikicheza kifuani. Alikuwa ameivaa kila siku kwa miaka thelathini. Alipika nayo, alijibu simu nayo, mara mbili alikwenda nayo msibani. Ungemuuliza amevaa nini leo, asingeitaja.

"Mimi uliniambia nini kuhusu aproni yangu?" muuza nyama aliendelea. "Uliniambia huenda mbwa wangu wa pili alipigwa na mtu mwenye aproni, niivue kabla sijaingia ndani. Huyu, nadhani, alichapwa kwa mkanda."

Shangazi aliitoa ile futi polepole, akaikunja, akaifungia kwenye droo. Uzi hakumkimbilia, mambo hayaendi hivyo. Lakini jioni ile alikula akiwa upande mmoja wa chumba na fundi upande wa pili, na hakuna aliyetoka.

Siku mbili zile Shangazi alipima watu kwa shibiri na kwa macho. Kocha alipofika Jumamosi na karatasi ya majaribio, alimkuta muuguzi ameshikilia kiuno cha sketi kwa mikono yote miwili.

"Shangazi, hii sketi ni yangu peke yangu, au yangu na mgonjwa wangu?"

"Vumilia, mwanangu, naipunguza sasa hivi."

Kocha aliketi kwenye benchi. Uzi akamrukia, akamlamba kidevu.

"Haya. Anakula mbele yako?"

"Anakula. Kwa mbali."

"Ukimwita, anakuja?"

Muuguzi alimkonyeza Shangazi aseme ndiyo. Fundi aliminya midomo. Kanuni ilikuwa yake. Alikwisha kuwaliza watu wazima kwa ajili yake.

"Haji," alisema. "Andika haji."

Kocha akaandika, akapumua kwa nguvu. "Basi unajua mwenyewe. Wale wenzetu wananingoja." Akasimama, akachomoa mfukoni mshipi wa kumwongozea mbwa, akauacha uning'inie huku akitafuta ndoano yake. Siku zote alikuwa akimbeba Uzi mikononi. Mshipi huo ulikuwa mpya, zawadi kutoka kwa wale mume na mke waliokuwa wakimngoja Uzi.

Uzi aliuona ukiyumba. Alilia mara moja, akateleza sakafuni, akageuka. Majora ya vitambaa yalikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Aliyapita. Alipita pia chini ya meza ya kukatia, akajisukuma katikati ya miguu ya Shangazi na cherehani, akachomeka kichwa chini ya gauni lake na kubaki humo, akitetemeka.

Shangazi alishusha mkono taratibu mpaka ukagusa mgongo wenye mifupa. Mgongo haukukimbia.

Kocha aliurudisha mshipi mfukoni. Akaichukua karatasi, akaandika swali jipya chini ya yale mawili, akalisoma kwa sauti: "Akiogopa, anakimbilia kwa nani?"

"Hilo halimo kwenye kanuni," alisema Shangazi.

"Kuanzia leo limo. Wale wenzetu nitawatafutia mwingine, wapo watatu garini."

Muuguzi alisafisha koo. "Nimefurahi sana, kweli. Lakini sketi yangu?"

"Ishikilie hivyo hivyo, mwanangu," Shangazi alinong'ona, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Mimi siwezi kuinuka hapa."