Sweta la Dubu

Jumapili soko la kando ya kituo cha treni cha Gare du Midi hufurika watu, nami nimesimama mbele ya sweta la kijani lenye kichwa cha dubu kifuani. Muuzaji ananiambia ni la zamani, la timu ya chuo fulani cha Marekani, ambako wanafunzi walikuwa wakifuga dubu wa kweli kando ya uwanja. Nalinusa. Linanuka robota la mitumba lililofunguliwa sasa hivi.

Mama hakuwahi kumwona dubu, kwa hiyo alimwita mbwa. Alinivalisha sweta kama hilo nikiwa mtoto, siku tuliyokimbia, ingawa jua lilikuwa kali.

"Tukipotezana, mimi nitatafuta mbwa," alisema. "Usimufunike."

Kwenye kituo cha malori mkono wake ukanichoropoka. Nikasimama nimetoa kifua, nikimwonyesha yule mbwa kila aliyepita. Kisha nikamwona mama kwa mgongo, akimvuta mtoto mwingine kuelekea lori. Mtoto yule alivaa sweta kama langu, la robota lile lile. Nikazidi kutoa kifua. Lori lilikuwa linanguruma.

Mama aliinama amnyanyue, ndipo akauona uso. Akamwachia pale pale, akarudi mbio.

Aliponifikia hakunishika mkono. Alinishika mashavu, kwa nguvu, akanitazama.

"Maman, twende, ni baridi," binti yangu ananivuta koti kwa nyuma.

Narudisha sweta. Kabla ya kumshika mkono nainama, namgeuza uso nimtazame.

"Ni mimi, maman," anasema, kama anavyosema kila Jumapili.