Kichwa cha Samaki kwenye Mgahawa wa Wachina

Mwezi uliopita nilikuwa Songea kwenye harusi ya binamu yangu, na unazijua harusi za kwetu, ukishatia mguu tu unapewa kazi. Mimi nilipewa kazi ya kusubiri keki. Keki ikachelewa. Nikaona badala ya kukaa ukumbini nikitazamana na viti, nizunguke mjini nione kama mgahawa wa Wachina bado upo. Haupo. Pale palipokuwa na mlango mwekundu sasa wanauza vipuri vya bodaboda. Kijana wa dukani akaniuliza nataka nini, na mimi bila kufikiri nikamjibu nataka tambi. Alinitazama kwa huruma, kisha akanielekeza kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi.

Nilirudi ukumbini nikicheka peke yangu, na tangu siku hiyo ule mgahawa haujanitoka kichwani. Ngoja nikupe habari zake, maana wewe ni mtu wa kula, utanielewa.

Mimi nimelelewa na bibi yangu Lusewa. Kwetu ukisema unaenda mjini, maana yake unaenda Songea. Dar es Salaam tuliisikia redioni tukaiacha hukohuko. Marafiki zangu walikuwa wawili. Mmoja ni mtoto wa jirani, mvulana mwenye maswali mengi na tumbo lisilojaa. Mwingine ni binti wa bwana shamba. Baba yake alitoka Moshi, serikali ilimleta awaelekeze wakulima wetu mambo ya mbegu na mbolea, na binti akaja naye pamoja na soksi zake nyeupe. Soksi hazikumaliza wiki. Baada ya muda alikuwa anachota maji kisimani kama sisi, anapukuchua mahindi mpaka kidole gumba kinaota sugu, na anamgombeza mbuzi wa bibi kwa Kingoni.

Mchana tukitoka shule tulikula kwa bibi sote watatu, kibarazani, sahani moja. Ugali wa moto unaotoa mvuke, maharage, au kisamvu cha karanga ambacho harufu yake ilitupokea tukiwa bado njiani. Wachuuzi wa kutoka ziwa Nyasa wakipita, kulikuwa na samaki. Bibi alikuwa na sheria zake za mezani ingawa meza hatukuwa nayo. Kila mmoja anakula upande wake, huvuki kwenda kwa mwenzako hata kama maharage yake yamenona kuliko yako. Upande wako ukishauanza, unaumaliza. Na kitoweo hakiguswi mpaka yeye agawe. Tulikuwa tunajua mipaka ya sahani ile kuliko mipaka ya Tanzania tuliyofundishwa shuleni.

Tulipokuwa darasa la sita, uhamisho ukaja. Bwana shamba alitakiwa Tabora. Mkewe akatangulia na mtoto mdogo, akabaki yeye na binti kufunga nyumba. Rafiki yangu hakulia. Alichofanya ni kuanza kula polepole, tonge moja dogo baada ya jingine, mpaka bibi akawa anamuuliza kama jino linamuuma. Kulia nililia mimi, jikoni, nikisingizia moshi. Nilikuwa sijawahi kuachwa na mtu niliyempenda kiasi kile, na sikujua nitakaaje kibarazani na upande mmoja wa sahani ukiwa hauna mtu.

Bwana shamba alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, na hakutaka kuaga kwa kupeana mikono tu. Akamwomba bibi tufuatane sote mpaka Songea siku ya Jumamosi. Tungelala Matogoro, kando ya mji, kwa ofisa mwenzake, kisha Jumapili alfajiri yeye na binti wapande basi, sisi turudi kwetu. Bibi alikubali haraka kuliko kawaida yake, akavaa kitenge cha Pasaka. Binti alibeba begi lenye nguo zake zote. Njia nzima nilikuwa nalitazama lile begi kwa chuki.

Wakati ule barabara ya lami ilikuwa inajengwa, na mama mmoja wa Kichina alikuwa amefungua mgahawa mjini kuwalisha mafundi wa barabara. Watu wengi walikuwa wanapita wanachungulia tu.

"Leo mama tunakula China," bwana shamba alimwambia bibi mlangoni.

"Na kurudi je?" bibi akauliza.

Ndani kulinukia tangawizi na mafuta ya moto. Tulikaa kwenye meza ya duara, na juu yake kulikuwa na kioo kikubwa kinachozunguka. Bibi kwanza alidai maji ya kunawa. Mhudumu, dada mmoja wa Matogoro, akaleta jagi na beseni, na bibi akatunawisha mmoja mmoja mpaka kwenye viwiko, mama wa Kichina akitutazama kutoka kaunta huku anatabasamu. Ikaja chai isiyo na sukari. Bibi akaionja, akamuuliza yule dada kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe mwenye nyumba, kama sukari imewaishia. Ukaja wali kwenye vibakuli vidogo.

"Hiki ni cha kuonja," bibi alisema. "Chenyewe kinakuja."

Zikaja tambi, na sisi tambi tulizozijua ni zile za sukari na nazi ambazo majirani Waislamu walituletea sikukuu ya Idi. Hizi zilikuwa na chumvi, vitunguu na nyama. Kikaja kitu kama sambusa iliyochemshwa. Kila sahani iliwekwa juu ya kioo, sisi tukakaa wima na kushika pande zetu kama tulivyofunzwa. Mtoto wa jirani aliangukiwa na bahati ya tambi, zilisimama mbele yake. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuzifaidi, bwana shamba akazungusha kioo ili kila mtu apate, na tambi zikaenda zake.

"Bibi," mtoto wa jirani akasema, karibu alie, "upande wangu umeondoka."

Bibi alilifikiria jambo hilo kwa makini. Kwake halikuwa jambo la mchezo. Mwishowe akatoa hukumu kwamba kinachosimama mbele yako ndicho chako, na unakimaliza. Mbele yangu palikuwa pamesimama bakuli la pilipili kavu za kukaanga, nyekundu, zimejaa pomoni, na vipande vichache vya kuku vimejificha humo. Nikala kuku. Kisha nikaanza kuzimaliza pilipili.

"Mdogo wangu, hizo huwa haziliwi," yule dada mhudumu akanionya.

"Zimekaangwa, zitaliwa," bibi akamjibu.

Sijawahi kuunguzwa mdomo vile tena maishani. Machozi yalinitiririka, rafiki yangu akawa ananipepea kwa kitambaa cha kufutia mikono huku amekufa kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilisahau lile begi lililokuwa chini ya kiti chake.

Ndipo akaletwa samaki. Mzima, amepikwa kwa mvuke, amelazwa kwenye sahani ndefu na majani ya vitunguu juu. Mama wa Kichina alimleta mwenyewe, akamweka kichwa kikimwelekea bibi. Nadhani na kwao kichwa kinamtazama mkubwa.

Lakini kwa bibi yangu kichwa cha samaki kilikuwa na kazi yake. Nyumbani alikipata yule ambaye siku hiyo neno lake ndilo la kusikilizwa. Babu alivila vyote enzi za uhai wake. Mjomba wangu alipewa mara moja tu, siku alipokuja kusema anataka kuoa. Ukila kichwa, unasema lililo moyoni mwako, na wote wananyamaza mpaka umalize. Wakubali au wakatae, lakini hawakukatizi. Bwana shamba alilijua hilo, alikuwa ameshakula kwa bibi mara nyingi.

Bibi akasukuma kioo kwa kidole kimoja, kichwa kikaenda kwa bwana shamba. Yeye ndiye aliyetuleta.

"Mama, nile kichwa na wewe upo?" bwana shamba akasema, akakirudisha.

Mama wa Kichina, aliyekuwa ameipa kisogo meza, alipogeuka akakuta bibi amekisukuma tena. Akadhani kioo kimeteleza chenyewe. Akaja, akainama kwa heshima, akamrudishia bibi kichwa chake. Bibi naye akainama, akamshukuru, akasubiri aondoke, akakisukuma. Samaki yule alizunguka mpaka mchuzi ukaanza kumwagika, na mtoto wa jirani akawa anamfuata kwa macho kama anatazama mpira. Bwana shamba alikuwa anacheka, sisi tunacheka, mafundi wa barabara meza ya pili wanacheka bila kujua kisa.

Kisha bibi akaweka kiganja chake chote juu ya kioo, kikasimama. Kichwa kilikuwa kimemwelekea rafiki yangu.

"Leo ni chako," bibi akamwambia. "Kula, halafu useme."

Bwana shamba aliacha kucheka. Akaweka kijiko chini.

Rafiki yangu alikula kile kichwa kama bibi alivyotufundisha, mashavu kwanza, macho baadaye, kisha akafyonza mifupa mmoja mmoja na kuipanga pembeni. Safari hii hakula polepole. Sisi tulingoja. Mdomo wangu ulikuwa bado unawaka, na nashukuru pilipili zile, maana hakuna aliyeweza kujua machozi yangu sasa ni ya nini. Alipomaliza akafuta mikono, akasema huku anaitazama ile mifupa, "Baba, naomba nimalize la saba kwa bibi. Nikifaulu au nikifeli nitakuja huko. Sitaki kwenda kula na watu nisiowajua."

Bwana shamba alimtazama bintiye, akatutazama na sisi, akamtazama bibi. Sikuona hasira usoni kwake. Ingekuwa hasira ingekuwa rahisi zaidi.

"Na mimi je, mwanangu?" akauliza. "Mimi nitakula na nani?"

Bibi akawa anakunjakunja pindo la kitenge chake. Bwana shamba akainuka, akatoa simu, akaenda nje. Tulimwona mlangoni akitembea kando ya mtaro, anaongea, ananyamaza, anaongea, anavua kofia na kuivaa tena. Tulijua anaongea na mkewe. Mimi nilishika ukingo wa kile kioo kwa mikono miwili kisizunguke hata kidogo, kana kwamba kikizunguka mambo yataharibika.

"Akikataa," mtoto wa jirani akaninong'oneza, "huyu samaki tutammalizia?"

Nikampiga teke chini ya meza.

Bwana shamba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akakaa, akavuta kiti karibu. "Mama yako anasema ukiumwa hata mafua, nije nikuchukue siku hiyohiyo," akamwambia binti. Kisha akamgeukia bibi. "Gawa samaki, mama. Anapoa."

Bibi akagawa. Tulikula hata majani ya vitunguu. Rafiki yangu alihama kiti chake, akaenda kula amemwegemea baba yake, na hakuna aliyesema habari za pande tena. Wakati wa kuondoka bibi, ambaye hawezi kutoka nyumbani kwa mtu mikono mitupu, alifungua kikapu akampa mama wa Kichina mfuko wa karanga za Lusewa. Wakashikana mikono muda mrefu, kila mmoja anasema kwa lugha yake, na ilionekana wameelewana. Asubuhi basi likaondoka na bwana shamba peke yake, begi la nguo likarudi nasi Lusewa, na safari hii nililibeba mimi.

Basi tukapewa mwaka mmoja na ushei. Mvua ya masika ikipiga bati mpaka hatusikizani, mahindi mabichi ya kuchoma, kusoma kwa zamu kitabu kimoja, kumsaidia bibi kupalilia na kuharibu miche yake. Rafiki yangu hakuumwa hata mafua, au kama aliumwa alificha. Tukamaliza la saba, akaenda Tabora, safari hii bila kinyongo. Leo anaishi Mwanza, mtoto wa jirani yuko Mbeya na tumbo lake, na tunapigiana simu sikukuu. Bibi alishatutoka. Nikienda Lusewa siku hizi naona watoto wa ndugu zangu, kila mmoja na sahani yake na kona yake, wanakula wanatazama simu. Wanashiba, sina la kulaumu. Ila hakuna anayemjua mwenzake anapenda kuanza na nini.

Siku chache baada ya ile harusi, binti yangu aliniomba akakae kwa shangazi yake Namtumbo likizo nzima, na watoto wenzake. Likizo tu. Nikakataa kabla hajamaliza kusema. Nilimwambia ni mbali, nikamwambia ana tuisheni, na nikajua moyoni kwamba yote hayo ni maneno matupu, nyumba bila yeye siiwezi. Hapo ndipo nikamkumbuka bwana shamba na kofia yake pale kando ya mtaro. Nikatafuta namba, nikampigia. Amestaafu, yuko Moshi, anafuga kuku. Nikamwamkia shikamoo, tukacheka sana habari za pilipili, halafu nikamuuliza ule mwaka kwao ulikuwaje.

"Mwanangu," akasema, "ule mwaka mezani kwetu palikuwa baridi. Mama yake alikuwa anajisahau, anapakua na sahani ya mwenzenu. Halafu tunatazamana, anairudisha kabatini."

Na mwaka uleule, Lusewa, sisi watatu tulikuwa tunacheka mpaka bibi anatufukuza kibarazani na mwiko. Sikuwahi kuwaza hata siku moja kwamba kuna mahali kuna watu wanakikosa kile kicheko chote ili sisi tukipate. Nikamwambia asante. Akaniuliza ya nini, na mimi nikamtakia usiku mwema ilhali ilikuwa mchana. Kisha nikaingia chumbani kumfungashia binti yangu nguo.