Viti vya Mke wa Seremala

Mshonaji mmoja alikuwa na mgongo wa vituko. Siku kadhaa ulimtesa hadi akashindwa kuinama, kisha ukatulia, naye akarudi kwenye cherehani yake kama vile hakukuwa na neno. Mumewe seremala, mtu mbishi kupindukia, alikwisha kutoa hukumu: kosa ni la kiti.

Basi akamtengenezea kiti. Maumivu yakaisha, seremala akapita mtaani kifua mbele. Mwezi uliofuata yakarudi. Akakipunguza miguu, yakaisha, yakarudi. Akaunda kingine chenye egemeo, na kingine tena, mpaka wageni wakakosa pa kupita.

"Baba watoto, utanizika kwa viti," mkewe alimtania.

Utani ulikoma siku mguu wa kulia ulipokufa ganzi. Alikanyaga cherehani, asisikie kitu chini ya unyayo. Mguu ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe. Alijifungia chumbani, akalia.

Hospitalini, daktari mwanamama aliuliza maumivu huanza lini. Mshonaji akainamisha kichwa. Alijua fika, ila angeanzaje kutaja mambo ya mwezini mbele ya mumewe, tena wakati kinachouma ni mgongo? Seremala ndiye aliyeropoka.

"Daktari, mimi nimechoka! Kila kiti changu kinamponya, lakini akiingia tu kwenye siku zake, kinashindwa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hebu rudia hapo, baba."

Picha zilionyesha uvimbe chini ya uti wa mgongo. Ulipotolewa, ulikutwa na nyama ya aina ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi. Ilikuwa imeota mahali si pake, ikivuja damu kila mwezi na kubana mishipa ya fahamu. Ni nadra mno, alisema daktari. Kuhusu mguu, hakuahidi kitu.

Mguu ukabaki umelala tu kwenye shuka. Seremala alikaa kando yake, safari hii hana cha kurekebisha. Kila alipokuja aliupapasa unyayo kwa kidole chake chenye sugu.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mume wangu. Nenda kapumzike."

Hakwenda. Akajaribu katikati ya unyayo, polepole. Mkewe akaruka, akauvuta mguu.

"We! Unanitekenya!"

Muuguzi alikuja mbio, akawakuta wote wawili wanalia, na seremala hataki kuuachia mguu.