Mchungaji wa Kubishana Naye

Kaka yangu ni kiziwi, na katika kazi yake hiyo ni bahati. Ananyoosha bodi za magari. Gereji nzima wenzake wanagonga mabati huku wamekunja nyuso na kujaza pamba masikioni, yeye anagonga kutwa uso umetulia kama mtu aliyelala. Wanamwita Nyundo. Ana mabega mapana, kucha zenye rangi ya gari la mwisho alilolishika, na ubishi wa kuzaliwa nao. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu angekuwa anasikia, nyumba isingekalika.

Shida ni kwamba ubishi wake ulikuwa haupati mtu. Nyumbani lugha ya alama tuliijua mama na mimi tu, na mama alimkubalia kila kitu kwa kumwonea huruma, hata akisema kuku ana meno. Mtu mbishi huruma inamchosha kuliko matusi. Kwa hiyo alipomwoa wifi yangu, mwalimu wa darasa la viziwi, nilifurahi kuliko bibi harusi. Nilimwambia siku ileile, "Wifi, mzigo nimeutua, kazi ya kubishana naye sasa ni yako." Akacheka, akidhani natania.

Walianza kusali katika kanisa kubwa nyuma ya soko, lile lenye spika hadi chooni. Wifi akawa mkalimani. Mchungaji anahubiri, yeye amesimama pembeni yake, mikono inasema. Benchi la mbele likawa la viziwi: kaka yangu, fundi cherehani mmoja, mama muuza mayai na wengine wawili watatu. Mimi nilikaa benchi la nyuma yao, kwa hiyo sikio langu lilikuwa kwa mchungaji na jicho langu kwa wifi.

Sasa, mchungaji yule alikuwa na fundisho lake alilolipenda. Ulemavu, alisema, ni mlango uliofunguliwa na dhambi, na asiyepona ni kwa sababu hajaamini vya kutosha. Alilisema kwa upole sana, na huo upole ndio ulionipandisha hasira. Siku ya kwanza kulisikia niliitazama mikono ya wifi nione atalibebaje. Mikono ilikuwa inasema: Mungu hatazami sikio, anatazama moyo.

Nikadhani nimesoma vibaya. Mchungaji akanyoosha kidole kwenye benchi la mbele, akawataka waache uvivu wa kiroho. Mikono ya wifi ikasema: ninyi mliokaa hapa mbele, hampungukiwi na kitu. Kaka yangu akatikisa kichwa kwa raha, akampiga fundi cherehani kiwiko kumwambia, umeona mambo hayo?

Nilimbana wifi jikoni siku hiyohiyo. Alikuwa anakatakata vitunguu, kwa hiyo sikujua yapi ni machozi ya kitunguu na yapi si ya kitunguu.

"Ulitaka nimwambie mume wangu maneno yale?" akaniuliza. "Kwa mikono yangu hii?"

Nikachukua kisu kingine, nikamsaidia vitunguu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya wifi yangu iliendelea Jumapili baada ya Jumapili, mwaka ukaingia mwaka. Na kadiri mchungaji alivyozidi kuwa mkali, ndivyo yule wa mikononi mwa wifi alivyozidi kuwa mwema. Kaka akampenda kupindukia. Jumatatu gerejini aliweka nyundo chini, akawaeleza wenzake kwa ishara jinsi mtu yule alivyojaa hekima. Wifi alipochoka na kuomba wahamie kanisa lingine, kaka alimkatalia katakata. Wampate wapi tena mchungaji kama huyu? Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi hakucheka hata kidogo. Alikuwa amemtengeneza mchungaji mzuri mno, na sasa hakuwa na namna ya kumtoroka.

Ikaja Jumapili ya shuhuda. Watu wanapanga foleni, mmoja amepata kazi, mwingine amepona mgongo, mara namwona kaka yangu naye anainuka. Hakuwa amemwambia mtu. Akapanda mbele na shati lake la kupigwa pasi, akageuka kwa wifi, maana kiziwi akitoa ushuhuda mkalimani ndiye anayekuwa sauti yake.

Akasema, na wifi akamsemea kwenye kipaza sauti, "Mchungaji, mimi nilikuwa najiona kama gari bovu ambalo Mungu alilikosea. Wewe uliposema kwamba Mungu hatazami sikio, niliacha kujichukia. Nimekuja kukushukuru."

Wifi angeweza kusema lolote pale. Kanisa zima lilikuwa linategemea mdomo wake, na waliojua alama tulikuwa wa kuhesabu. Lakini hakuondoa neno.

Mchungaji alikuwa akitabasamu, tabasamu likaisha taratibu. "Ndugu yangu, mimi sijawahi kusema hivyo," akasema. "Nimefundisha kinyume chake. Mama, mwambie."

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, nilisimama tu. Wifi akakiweka kipaza sauti chini, akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile mikono yake ikasema alichosema mchungaji, neno kwa neno, pamoja na fundisho lenyewe la dhambi na mlango. Kisha ikaongeza, "Yale mengine yote yalikuwa yangu."

Kaka alimtazama mchungaji, akamtazama mkewe, akashuka na kutoka nje. Benchi zima la mbele likamfuata.

Tulimkuta ukutani, kwenye baiskeli za waumini. Nilidhani atamtukana mchungaji, nami nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Kumbe hasira yote ilikuwa kwa wifi. Mikono yake ilikuwa inapiga hewa kwa nguvu kiasi kwamba wapita njia walisimama.

"Miaka yote hii kulikuwa na mtu wa kubishana naye, na wewe ukanificha?"

Wifi akamwambia aliogopa ataumia.

"Ningeumia," akajibu kaka. "Halafu ningepanda pale nikamjibu. Mama alinionea huruma. Nilikuoa wewe kwa sababu nilidhani unaniona mtu mzima."

Wifi alilia, na safari hii hapakuwa na vitunguu. Kaka alimwacha alie, akazunguka zile baiskeli mara kadhaa, akarudi. Akasema watatafuta kanisa lingine, lakini kwa sharti kwamba kuanzia leo amletee kila kitu kama kilivyo, hata upuuzi. Hasa upuuzi.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Sijawahi kuzipenda Jumapili kama nilivyozipenda zile. Kila wiki kanisa jipya, wifi mbele akitafsiri mpaka mabega yanamuuma, na mimi nyuma nikikagua kama mkaguzi wa mizani. Hakuacha kitu. Mchungaji akikohoa, alisema amekohoa. Kanisa moja mahubiri yalikuwa laini mno, kaka akatoka analalamika kwamba hakuna hata pa kushika. Lingine mzee wa kanisa alituambia maswali yapelekwe ofisini siku za kazi. Mahali pengine mhubiri alimvamia akamtia vidole masikioni amwombee, bila kumuuliza. Kaka naye akamtia mhubiri vidole masikioni, wakabaki hivyo wanatazamana mpaka kwaya ikaona bora iimbe. Tulirudi nyumbani tukishikana kwa kicheko, wote watatu, na kaka akitoa hukumu zake katikati ya barabara huku madereva wanampigia honi bure.

Halafu tukaingia kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Viti vya plastiki, feni moja, mchungaji mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi. Alihubiri juu ya mbinguni. Akasema kule vipofu wataona na viziwi watasikia. Niliona mikono ya wifi inasita kidogo tu, kisha ikasema vilevile.

Kaka akanyoosha mkono. Katikati ya mahubiri. Watu wakageuka, mchungaji akanyamaza, akamwashiria aseme.

Wifi akawa sauti yake. "Mchungaji, kwa nini mbinguni nibadilishwe mimi? Kwa nini isiwe ninyi ndio mtajifunza alama?"

Feni ilizunguka. Mchungaji akavua miwani, akaivaa tena. "Hilo sijawahi kuliwaza," akasema. "Bado naona umekosea. Lakini baki tukimaliza, nataka kulisikia lote."

Alibaki. Viti vilipangwa, sakafu ikafagiliwa, mfagiaji akawaomba wainue miguu, wao wanabishana, wifi kati yao akihama kutoka mdomo kwenda mikono. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwisho mchungaji akamuuliza wifi neno "umekosea" linasemwaje kwa alama. Alipoonyeshwa, akamgeukia kaka yangu na kulitumia papo hapo. Kaka akamrudishia lilelile.

Tulipofika barabarani nikamuuliza kaka, vipi?

"Mtu yule kakosea kabisa," akasema. "Jumapili ijayo tuwahi, nataka kukaa mbele."

Wifi alikuwa akitembea huku anajisugua vidole vilivyochoka. Mara akasimama.

"Mimi," akasema kwa mikono yake, polepole, "naona mchungaji ana hoja."

Kaka alimtazama mkewe. Uso mzima ukamfunguka. Akanipa Biblia nimshikie, akakunja mikono ya shati.