Mkono wa Kaka Mkubwa

Kinyozi alikuwa na sheria moja katika kibanda chake: mambo yakichemka, mashine juu. Tamthilia ikifika pale moyo unapoanza kwenda mbio, yeye aliinua mashine kutoka kichwani mwa mteja, akaizima, akangoja. Mteja mwenye haraka alijua aende kwa vinyozi wengine, wale wasio na televisheni wala maoni.

Televisheni yenyewe ilikaa juu ya rafu kwenye ukuta wa nyuma, kwa sababu soketi ilikuwa huko. Kioo kikubwa kilikuwa ukuta wa mbele. Basi Kinyozi, akiwa amesimama nyuma ya mteja wake, alitazama kila kitu kwenye kioo, na mteja naye vivyo hivyo. Majina ya waigizaji yalipita kinyumenyume, lakini hilo halikumsumbua, maana hakuwa mtu wa kusoma majina. Waliongoja zamu walikaa kwenye benchi lililokuwa chini ya kioo, upande wa mlangoni, wakiikodolea macho televisheni yenyewe.

Mtu wa kudumu wa benchi lile alikuwa Seremala, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Benchi alilitengeneza yeye, akalikalia kuliko mtu mwingine yeyote. Upara ulimwanza ujanani, na ndevu alijinyoa mwenyewe nyumbani, kwa hiyo kiti cha rafiki yake hakuwahi kukikalia hata siku moja.

"Wewe ni rafiki wa hasara," Kinyozi alipenda kumwambia. "Kichwa kama yai, halafu unanimalizia benchi."

"Benchi ni langu. Wewe nimekuazima tu."

Kila alasiri kazi zikipungua wawili hao walianza kesi zao. Hapakuwa na kipindi kilichopita salama. Vichekesho vipya vikianza, na kile kicheko cha kurekodiwa kikilipuka, Kinyozi alisimama katikati ya chumba na chanuo mkononi.

"Nani anacheka?"

"Sijui," alijibu Seremala. "Hayuko kwenye picha."

"Mtu kateleza kwenye ndoo, wanacheka. Kainuka, wanacheka. Kauliza saa ngapi, wanacheka! Hao watu wako wapi?"

"Wamelipwa, bwana."

"Basi na mimi nilipwe, kwa sababu bure siwezi."

Tamthilia nazo zilipata yao. "Mama kalala na wigi, kaamka na wanja. Huyu alikuwa amelala, au alikuwa amesimamishwa dirishani kwa muuza nguo? Na huyu ati maskini wa kutupwa, nywele zimechongwa jana pembeni, mstari umenyooka kama reli. Nani alimnyoa kwa mkopo?" Geti ndilo lililomuudhi kuliko yote. Geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mlinzi anapiga saluti. "Nusu ya mchezo ni geti. Wampe mlinzi tuzo twende nyumbani."

Seremala aliongezea ya kwake. Kwenye jumba la tajiri aliona milango ambayo ikifungwa kwa hasira, ukuta mzima unacheza. Lakini yeye alikuwa na huruma zaidi. Aliwapenda wale dada wawili wa vichekesho vya dobi. "Yule mdogo akinyamaza tu, unacheka," alisema. Kinyozi alijikuna shingo, akakubali nusu. "Yule anajua. Sasa subiri wamwandikie kuteleza kwenye ndoo."

Kila kesi, hata iwe ndogo vipi, iliishia kwenye mizani moja: *Viti Vitatu*.

Ilikuwa tamthilia ya zamani, enzi zile ambapo televisheni ya Kinyozi ilikuwa ndiyo televisheni ya mtaa mzima. Siku yake ikifika watu walijaa hadi barabarani. Watoto walipanda ukingo wa dirisha, wanawake walikuja na vigoda vyao, na mwuza maji aliegemeza baiskeli yake mlangoni, madumu yakiwa bado yanavuja. Mtu akikohoa alitazamwa vibaya. Mchezo ulikuwa wa ndugu wanne katika nyumba ya marehemu baba yao, nyumba yenye meza moja na viti vitatu. Ndiyo yote. Hapakuwa na geti wala jumba. Kila sehemu ilibidi mtu mmoja abaki amesimama, na wewe ulikaa kwako wiki nzima ukijiuliza wiki ijayo atasimama nani.

Katika sehemu ya mwisho anarudi mdogo wao wa tano, wa kike, aliyemkimbia baba yao akiwa kitandani anakufa. Anasimama mlangoni. Kaka mkubwa anamtazama, anainuka kitini, anachukua ufunguo wa nyumba kwenye msumari, anamnyooshea bila neno. Dada anachelewa kuupokea. Mkono unabaki hewani. Kisha giza, mchezo umekwisha.

Mtaa uligawanyika jioni ile ile.

"Kampa kwa mkono wa kushoto!" Kinyozi alisema. "Umeona? Mtu akikupa kitu kwa kushoto amekupa pamoja na tusi lake. Hakumsamehe!"

"Kushoto kwa nani?" Seremala alipanda juu ya benchi lake. "Kampa kwa kulia, kwa heshima zote. Kamsamehe."

Mwuza nyama, aliyekuwa kitini na povu shavu moja, aliapa kwamba ni kushoto, ameona kwa macho yake. Watu wa benchi wakaapa ni kulia. Watu walicheka, wakasukumana, wakaenda nao ubishi majumbani, na wiki iliyofuata wakarudi nao ukiwa bado mbichi. Ulikuwa ubishi mtamu. Baadaye kila nyumba ikapata televisheni yake, kisha kila mkono ukapata simu yake. Watu wakawa wanatazama wakiwa wameinama, kila mtu na kisanduku chake, akicheka peke yake. Mwuza maji akahama, mwuza nyama akafariki. Ubishi ukabaki kwa watu wawili.

Kwa Kinyozi mkono ule wa kushoto ulikuwa msingi wa kila alichokifahamu kuhusu michezo. "Zamani mtu alikuwa na kinyongo chake hadi mwisho," alisema. "Siku hizi wote wanakumbatiana. Hata aliyewekewa sumu anakumbatia!"

Ndivyo ugomvi ulivyoanza. Siku moja ilimalizika tamthilia mpya, na mwisho wake familia nzima ililia wodini, imeshikana mabega. Kinyozi alisonya. Seremala, kwenye benchi, alikuwa anafuta macho.

"Unalia, Upara?"

"Vumbi la mbao. Lakini wamemaliza vizuri."

"Vizuri? Muulize kaka mkubwa wa *Viti Vitatu* kama angelia hivyo."

"Yeye alisamehe kabla yao. Kwa mkono wa kulia."

"Kushoto!"

"Kulia, bwana we."

Siku nyingine wangecheka. Lakini siku hiyo joto lilikuwa kali, wateja walikuwa wanasikiliza, na Kinyozi alitaka kushinda. "Wewe unaona unachotaka kuona," alisema. "Ungekuwa wewe kaka mkubwa, hata mwizi ungempa ufunguo. Na ulishampa!"

Kila mtu alijua habari ya mdogo wake Seremala, aliyetoroka na randa na misumeno ya karakana, akarudi miaka baadaye amekonda kama ufito, na kaka yake akampokea bila kumuuliza kitu. Seremala alichukua kofia yake, akaivaa taratibu, akavuka barabara.

Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mwanzoni Kinyozi alijitia hamnazo. Aliendelea kutoa hukumu zake, lakini zilianguka sakafuni pamoja na nywele. "Nani anacheka?" aliuliza siku moja, kwa mazoea. Kijana aliyekuwa kwenye benchi aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akasema, "Mimi, mzee. Samahani."

Kinyozi alizima televisheni.

Mke wake, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani, aliona yote kupitia dirishani. Alikuwa mtu wa kusema akiwa na pini mdomoni.

"Utamfuata lini shemeji?"

"Aje yeye. Mimi nimesimama palepale."

"Kama kaka mkubwa."

"Kama kaka mkubwa."

"Haya. Yule walau alikuwa na ufunguo wa kutoa. Wewe una nini?" Akakata uzi kwa meno. "Na kwa taarifa yako, shemeji kaumia. Patasi imempitia kiganja cha kulia. Hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Na leo alasiri wanarudia hiyo *Viti Vitatu* yenu, ile ya mwisho. Nimesikia wakitangaza. Sasa kaa hapo na kioo chako, mtazame wawili."

Kinyozi alifagia pale palipokwisha kufagiwa. Kisha alitundika taulo begani, akavuka barabara.

Karakana ilinukia mbao na gundi. Aliyekuwa akipiga randa ni mdogo wake Seremala, yule yule, jasho likimtiririka, na maranda yakimzingira miguu. "Karibu, kaka," alisema, wala hakusimamisha kazi. Seremala alikuwa amekaa juu ya gogo, mkono umefungwa bandeji, kidevu kimejaa mvi zilizosimama kama brashi.

"Umeota magugu," alisema Kinyozi.

"Mkono mmoja haunyoi."

Randa ikaenda, ikarudi.

"Lile neno," Kinyozi alianza, akatazama sakafu. "Nililolisema. La mdogo wako."

"Nililisikia."

"Lilikuwa la kijinga."

"Lilikuwa la kinyozi. Mtu akishinda na wembe, ulimi nao unanolewa."

Randa ilisimama. Mdogo mtu alipuliza vumbi kwenye ubao, akasema bila kuinua uso, "Kaka, nenda ukanyolewe. Unatisha wateja."

Ndipo Seremala, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakalia kiti cha rafiki yake. Alikaa kwa wasiwasi, akabonyeza mto, akapima mkono wa kiti kwa jicho. "Mguu wa nyuma umelegea. Umeishi vipi na kiti hiki?"

"Kaa utulie, nitakukata sikio."

Mke wa Kinyozi aliacha cherehani, akaja kuketi kwenye benchi na nguo anayoipindia. Mchezo ukaanza. Ile meza, vile viti vitatu. Picha ilikuwa imefifia, na waigizaji walionekana wadogo kuliko walivyokumbukwa. Hakuna aliyetoa kasoro. Kinyozi alimpaka rafiki yake povu polepole, macho yake kwenye kioo, na kwa muda alisikia tena madumu yakivuja mlangoni.

Dada akasimama mlangoni. Kinyozi aliinua wembe juu. Kaka mkubwa akainuka, akachukua ufunguo, akaunyoosha.

"Kushoto!" Seremala aliruka kitini, povu likamwagika kifuani. "Mungu wangu, ni kushoto! Miaka yote nimekuwa nikikubishia bure!"

"Nilikwambia!" Sauti ya Kinyozi ilipasuka kwa furaha. "Nilikwambia mimi!"

"Jamani," alisema mke wake, sindano hewani. "Mbona ni kulia?"

"Kulia wapi, mama watoto, si unaona..."

"Naona. Nimeielekea uso kwa uso. Ninyi mnatazama kioo."

Kinyozi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchezo ukiwa umechemka: aligeuka. Dada alikuwa bado anachelewa, mkono ulikuwa bado hewani, na ulikuwa mkono wa kulia. Kiganja kimefunguka, ufunguo umelala katikati. Kisha giza.

Alibaki amelikodolea macho lile giza. Hukumu zote alizotoa pale chumbani aliziegemeza kwenye mkono huu, na mkono ulikuwa unasamehe tangu siku ya kwanza.

"Kumbe alimpa," alisema taratibu.

"Usijilaumu," Seremala alimwambia kupitia kiooni. "Mimi nimekaa hapa alasiri moja tu, tayari nimeona kushoto. Ningekaa miaka yote hiyo, ningekuwa wewe."

"Mwenye kichwa kama yai hawezi kuwa mimi."

Alimnyoa vizuri, kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kumnyoa bwana harusi. Alimfuta kwa maji ya moto, akamfungua taulo. Seremala alisimama, akajitazama kidevu, akanyoosha mkono. Ulikuwa wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye bandeji.

"Nisamehe kwa mkono huu," alisema, kama mtu yeyote mwenye adabu angesema.

Kinyozi aliupokea kwa mikono yake yote miwili, wala hakuuachia upesi.

Seremala akaenda kwenye benchi lake. Mke wa Kinyozi alisogea kumpisha, na kwenye televisheni vichekesho vipya vikaanza. Mtu akateleza. Kicheko kikalipuka. Kinyozi aliendelea kukung'uta taulo.

Seremala alingoja kidogo. Kisha akauliza yeye, "Nani anacheka?"