Mwandishi Hajulikani

Kwa miaka mingi niliwaambia wa kwetu Tanga kwamba daftari la bibi lilipotea nilipohamia huku Fordsburg, kusini kabisa mwa Afrika. Halikupotea. Nililitoa zawadi kwa maktaba ya chuo kikuu, kwa hiari yangu, nikaandaliwa chai na biskuti.

Mwezi uliopita mama alipiga simu. Mjukuu wake anaolewa, na anataka zisomwe zile beti ambazo bibi alikuwa akiwausia mabibi harusi.

"Hebu tafuta tena, mwanangu. Kitu hakipotei ndani ya nyumba."

Nikasema nitatafuta. Nikaenda chuoni.

Mlinzi wa mlangoni, Mkongomani wa Bukavu, alininyang'anya kalamu.

"Mama, ya wino hapana. Ni crayon tu."

"Mimi nimesoma hapa, baba."

"Basi sheria unaijua kunipita," akasema, akanipa penseli fupi kama kidole gumba.

Ndani nilipita makabati ya vioo: ramani za kale, Biblia nene kama tofali. Sikuhisi chochote. Nilikuwa kama dereva anayengoja taa ya barabarani, robot kama waitavyo huku, igeuke kijani.

Daftari lililetwa limelazwa juu ya mto, kama mgonjwa. Bibi alikuwa akilifunga kwenye kanga pamoja na iliki. Nilinusa; halikunukia kitu. Zile herufi za Kiarabu za mkono wa bibi nilizisoma moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa madrasa, mimi na shahada zangu tatu.

Kisha nikaona kadi yake. *Mwandishi: hajulikani. Mtoaji:* halafu jina langu, na shahada zote. Sikuwa na wa kumlaumu. Fomu niliijaza mwenyewe. Siku ile niliona daftari la mtu asiyejulikana lina hadhi zaidi kuliko la mwanamke aliyekuwa akikaanga bajia.

Sikulia. Nilinakili beti kumi na mbili, nikamrudishia mlinzi penseli yake.

Jioni nilimpigia mama, nikamwambia yote, na fomu pia.

"Hapo lilipo ni pakavu?"

"Pakavu, mama."

"Mchwa?"

"Hakuna."

"Basi likae. Hizo beti nisomee sasa hivi, kalamu ninayo. Na kesho urudi ukawaambie mama yangu alikuwa na jina."